Kinundu cha Kope Kinachofanana na Saratani

Uvimbe ukitokea kwenye kope, wengi wetu husema ni chokea, tukakanda kwa kitambaa cha maji ya moto, na baada ya siku chache umekwisha. Lakini kuna kinundu chekundu au cha zambarau ambacho hakiumi, hakitoi usaha, na wiki zinapita hakiondoki. Daktari anakata kinyama na kukipeleka maabara. Kwenye hadubini zinaonekana limfosaiti, chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili, zimejazana tele. Hapo neno limfoma, yaani saratani ya chembe hizo, hutamkwa haraka, na nyumba nzima hulia.

Huenda si saratani. Eduard Spiegler wa Vienna alivieleza vinundu vya ngozi vya aina hii mwaka 1894, na mwaka 1943 Bo Bäfverstedt wa Sweden akavipa jina lenye kuonyesha kwamba si vya hatari. Leo huitwa sudolimfoma, na kwenye kope ni nadra. Kinga ya mwili imechokozwa ikapitiliza: na mdudu aliyeuma, wino wa tatuu, au dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini. Mara nyingi mchokozi hajulikani.

Kutofautisha ni kazi ngumu. Kila limfosaiti B hubeba protini moja kati ya mbili, kapa au lamda. Kinundu kilicholetwa na kinga kwa kawaida huwa na chembe za aina zote mbili, pamoja na limfosaiti T nyingi. Limfoma huzaliwa na chembe moja iliyojizidisha, hivyo karibu zote hufanana. Kuliona hilo kunahitaji rangi maalumu za kingamwili, na si kila maabara inazo. Hili linaniuma, kwa sababu mtu anaweza kupigwa mionzi karibu na jicho, kumbe alihitaji kubadilishiwa dawa, kuchomwa sindano ya steroidi au kukatwa kinundu tu. Kupuuza nako ni hatari: limfoma ya kope hukua taratibu bila maumivu, na saratani ya tezi za mafuta za kope huweza kutibiwa miezi kadhaa kama chokea.

Majibu yakiwa mazuri, bado rudi kliniki, maana vinundu hivi hujirudia, na vichache hugeuka limfoma baadaye. Dawa ya kifafa usiiache bila daktari. Na ukiambiwa ni limfoma, uliza kwanza: kinyama kimepimwa kwa rangi za kingamwili?