Diski ya TB 3 ikisoma GB 746, usikimbilie kumwita muuzaji tapeli

WANAOVUSHA vifaa vya kompyuta kwenda nchi jirani wanaufahamu ugomvi huu. Mteja ananunua diski kuu iliyoandikwa TB 3, anaifunga kwenye kompyuta ya zamani, inasoma GB 746 tu. Anapiga simu kwa hasira. Mzigo umeshapita Rusumo au Mutukula na ushuru umelipwa. Kuurudisha ni gharama nyingine.

Mara nyingi hapo hakuna aliyeibiwa. Diski imegawanywa katika vipande vidogo, kwa kawaida vya baiti 512, na kila kipande kina namba yake. Daftari la zamani la namba hizo, liitwalo MBR, lina nafasi ya namba zipatazo bilioni 4.29. Zidisha kwa 512 utapata TB 2.2 hivi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila kurasa zimekwisha. Mfumo wa zamani ukifika mwisho huanza kuhesabu upya, ndiyo maana huonekana yale mabaki ya GB 746.

Kikomo cha namna hii si kipya. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 iliishia GB 137, hadi ilipopata marekebisho ya Service Pack 1 mwaka 2002.

Dawa ya kikomo cha TB 2.2 ni daftari jipya liitwalo GPT. Windows Vista na zilizofuata hulisoma, lakini XP ya kawaida ya biti 32 hailisomi. Kama diski hiyo ndiyo itakayowasha Windows, kompyuta iwe na UEFI badala ya BIOS ya zamani, na Windows iwe ya biti 64. Kabla ya kubadili daftari, nakili mafaili ya mteja mahali pengine, kwani kwa njia ya kawaida ya Windows diski hufutwa kwanza.

Upungufu mdogo ni suala lingine. Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024. Kwa hiyo diski ya GB 500 huonyesha GB 465, na ya TB 1 huonyesha GB 931. Huo si wizi.

Tapeli wa kweli hufanya kinyume. Flashi bandia huonyesha nafasi kubwa isiyokuwamo, kisha mafaili yanayozidi nafasi halisi hupotea au hugoma kufunguka. Ijaze mafaili na uyafungue kabla ya kununua mzigo wa jumla.

Kabla ya kufunga mzigo, muulize mteja mambo matatu: kompyuta yake ni ya zamani au mpya, inatumia Windows gani, na diski ni ya kuhifadhia tu au ya kuwashia. Kisha andika kwenye risiti ukubwa wa kwenye lebo na ule utakaoonekana: “TB 1, Windows itaonyesha GB 931.” Mstari huo mmoja utakuokolea fedha, na mteja wako ng’ambo ya mpaka atarudi tena.