Madhehebu ya Utetezi wa Wanawake (Sehemu ya Tatu): Misri na Umri wa Kuolewa

Mjadala juu ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 umerejea magazetini, na aghalabu ya wanaoshika kalamu wananena kana kwamba swali la umri wa binti kuolewa limezaliwa Dodoma juzi. Wasomaji waliofuatana nami katika sehemu mbili zilizotangulia, tulipowazungumzia Mary Wollstonecraft na Friedrich Engels, wataniwia radhi nikiiahirisha safari yetu ya Ulaya niwapeleke Misri, nchi ambayo habari za wanawake wake zimenishughulisha tangu ujana wangu, na ambayo ililikabili swali hili hili karne moja iliyopita.

Huda Shaarawi alizaliwa mwaka 1879 katika nyumba ya Sultan Pasha, mmoja wa wakubwa wa Misri ya Juu. Akahifadhi Kurani angali mtoto, na alipotamani kujifunza nahau ya Kiarabu, towashi aliyekuwa mwangalizi wake akamwamuru mwalimu achukue kitabu chake aende zake, kwa hoja kwamba binti huyu hatakuwa kadhi. (Kila nikiisoma habari hiyo hasira hunipanda, kisha hunishuka nikumbukapo kwamba msemaji naye alikuwa mtu aliyenyang'anywa utotoni haki ya mwili wake.) Alipofika miaka 13 akaozwa binamu yake Ali Shaarawi, aliyekuwa walii wake, mtu mzima mwenye watoto. Haukupita muda mrefu wakatengana, naye akakaa miaka saba mbali na mumewe, na ni katika miaka hiyo ya upweke, wala si katika ile ya ndoa, ndipo alipopata wasaa wa kusoma na kukua.

Basi si ajabu kwamba alipouasisi Umoja wa Wanawake wa Misri mwezi Machi 1923, umri wa kuolewa ulikuwa miongoni mwa madai ya mwanzo, na kabla mwaka haujakwisha serikali ikatoa sheria iliyoweka miaka 16 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Watu humkumbuka zaidi kwa kuufunua uso wake mwaka huo huo katika stesheni ya Cairo, alipotoka mkutanoni Roma. Mimi nashikilia kwamba lile la sheria lilikuwa kubwa zaidi, ijapokuwa halikupigwa makofi.

Walakini sheria ile haikuibatilisha ndoa ya mtoto. Ilizuia tu isiandikwe, na mashauri yake yasisikizwe mahakamani. Na huko vijijini, ambako binti wengi hawakuwa na hati ya kuzaliwa, umri ulikuwa ni ule anaoutaja baba. Hapo ndipo udhaifu wa dhehebu la Huda, la waungwana wa mjini wenye kuamini kwamba haki ikishaandikwa imeshapatikana, unapokuwa bayana: gazeti la Umoja, lililoanza mwaka 1925, lilitoka kwa Kifaransa, na la Kiarabu halikupatikana hadi mwaka 1937. Mke wa mkulima asingeweza kulisoma hata hilo la pili, lakini angalau angesomewa akaelewa.

Zaynab al-Ghazali, aliyepita katika Umoja huo kwa muda mfupi, alitoka akaunda jumuiya ya wanawake wa Kiislamu, akidai kwamba dini imekwisha kumpa mwanamke stahiki zake zote na hapana haja ya kukopa Ulaya. Hoja yake ina uzito, na wanaoidharau hawajaisoma. Lakini yeye, aliyewafundisha wenziwe kutanguliza nyumba na ulezi, alimwekea mumewe sharti kwamba asimzuie katika kazi yake ya da'wa. Binti wa fukara, asiye na ulimi wa kuweka masharti, alipewa mawaidha na sadaka.

Inji Aflatun, mchoraji na mkomunisti, aliandika kitabu mwaka 1948 akiufunga utumwa wa mwanamke pamoja na ukoloni na unyonyaji, kwamba vitaanguka pamoja. Mkoloni alianguka. Serikali ya Nasser ikawapa wanawake kura mwaka 1956, ikamweka Doria Shafik, mtetezi wa haki za wanawake, kifungoni nyumbani mwake mwaka 1957, ikamtia Inji gerezani mwaka 1959, na sheria za ndoa na talaka za mwaka 1920 na 1929 ikaziacha zilivyo. Kila dhehebu, kwa rai yangu, lilimkata mwanamke nguo kwa kipimo cha mwasisi wake, na aliyebaki bila nguo ni yule yule binti wa shamba.

Nafasi imenibana, basi niseme kwa ufupi juu ya kwetu. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa kinamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na 14 kwa idhini ya mahakama, hali mvulana ni 18. Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba 2019 ilithibitisha kwamba jambo hilo linapingana na Katiba, na kwamba serikali inapaswa kulirekebisha. Wabunge watakapoandika 18, kama inavyowapasa, na wajadili siku hiyo hiyo vyeti vya kuzaliwa na dahalia za wasichana, kwa maana Misri iliandika 16 ikalala. Wanawake weusi wa Marekani, niliowaahidi kwa leo, tutawaleta katika sehemu ya nne.