Yajue Maneno ya Ngozi

Ukienda zahanati ukasema tu, "Naumwa ngozi," mganga atakuuliza maswali mengi. Magonjwa ya ngozi ni mengi, na kila moja lina jina na dalili zake. Tujifunze machache.

Ngozi ina sehemu mbili. Ngozi ya juu ni nyembamba. Ngozi ya chini ni nene. Humo mna mishipa ya damu, mashina ya malaika na mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu hutuwezesha kusikia moto, baridi na maumivu.

Upele ni vipele vidogo vinavyowasha sana, hasa usiku. Huletwa na mdudu mdogo mno anayechimba katika ngozi ya juu. Hupenda kukaa katikati ya vidole.

Choa ni duara lenye magamba ukingoni. Nalo huwasha. Huletwa na kuvu.

Jipu ni uvimbe wenye usaha. Huuma.

Baka ni mahali palipobadilika rangi. Baka la ukoma haliwashi wala haliumi. Mara nyingi huwa limekufa ganzi. Fumba macho, mwenzako aliguse kwa pamba, nawe hutasikia kitu. Kwa kuwa haliumi, wengi hulidharau. Hapo ndipo penye hatari. Vijidudu vya ukoma hushambulia mishipa ya fahamu. Mkono ukifa ganzi, mtu hushika sufuria ya moto bila kujua. Hupata vidonda, na mwishowe vidole hulemaa.

Ukoma si laana, wala si ugonjwa wa kurithi. Hauambukizwi kwa kupeana mikono. Daktari Hansen wa Norwei aligundua kijidudu chake mwaka 1873. Leo dawa ipo, na hutolewa bure. Mgonjwa huitumia miezi 6 au 12, kwa kadiri ya hali yake. Akishaanza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi wengine. Lakini lazima aimalize.

Basi, itazame ngozi yako na ya watoto wako. Ukiona baka lisilowasha, usingoje liume. Nenda zahanati useme, "Nina baka lililokufa ganzi." Maneno hayo manne yanaweza kuokoa vidole vyako.

Maswali
1. Mishipa ya fahamu ina kazi gani?
2. Choa na baka la ukoma vina tofauti gani?
3. Kwa nini watu hulidharau baka la ukoma?