Mechi Saa za Kazi: Kweli au Si Kweli?

Kombe la Dunia la 2022 lilichezwa Qatar, ambako saa ni zilezile za Dar es Salaam na Nairobi. Baadhi ya mechi za makundi zilianza saa saba mchana au saa kumi, watu wakiwa kazini. Hapo ndipo hoja hizi kuhusu kutazama mechi kwa intaneti ya ofisi huzuka.

"Mtu mmoja akitazama video hamdhuru yeyote."
Inategemea laini. Video ya HD kamili hutaka takriban megabiti 5 kwa sekunde. Kwenye laini ya megabiti 100 ni kidogo. Kwenye laini ya megabiti 20, robo imekwenda.

"Tunatazama mechi ileile, kwa hiyo data ni ileile."
Si kweli, na hili ndilo linaloponza ofisi nyingi. Dishi hupokea matangazo yanayorushwa mara moja kwa wote, wawe kumi au milioni. Mtandaoni, kila simu na kila kompyuta huvuta nakala yake kutoka kwenye seva, hata kama wenyewe wameketi bega kwa bega. Watazamaji 12 kwa megabiti 5 ni megabiti 60. Televisheni moja yenye king'amuzi cha dishi kwenye chumba cha chakula haigusi intaneti kabisa. Ningekuwa meneja, ningeinunua kabla ya kuandika waraka wa makatazo.

"Tuongeze kasi ya laini, yataisha."
Nusu kweli. Programu za video hupima nafasi iliyopo na kupandisha ubora wa picha kuifuata: aliyekuwa akitumia megabiti 1 atafika 5, na mwenye skrini ya 4K anaweza kuvuta 20. Tena kinachoumiza si wingi wa data peke yake, ni foleni. Video huvuta data kwa mikupuo. Laini ikijaa, pakiti zote za data husubiri zamu, zikiwemo zile chache za sauti za mhasibu aliye kwenye kikao cha Zoom. Mtazama mechi hahisi kitu, kwa sababu simu yake imeshaweka akiba ya sekunde kadhaa. Anayezungumza hana akiba. Sauti yake hukatikakatika, naye hajui nani wa kumlalamikia.

"Nikifungua dirisha la faragha, sili data ya ofisi."
Si kweli. Dirisha hilo huficha historia ndani ya kivinjari chako tu.

"Dawa ni kufungia YouTube."
Si kweli. Huko pia kuna video za mafunzo ya kazi, na watazamaji watahamia TikTok au Instagram. Ruta nyingi za ofisi zina mpangilio wa vipaumbele: simu za mtandaoni na mfumo wa malipo hutangulia, video hufuata, na kila kifaa huwekewa kikomo. Mwombeni msimamizi wa mtandao auwashe, kisha aupime mechi ikiendelea, si asubuhi ofisi ikiwa tupu.