Wasee wa Tana Delta Walishtaki Serikali Juu ya Mto. Hii Ndio Story Yote

Ukifungua mfereji Nairobi na maji itoke (kuna mitaa hiyo ni bahati, najua), kuna uwezekano mkubwa hiyo maji ilikuwa inaelekea Garsen. Ndakaini, bwawa lenye linalisha sehemu kubwa ya jiji, liko kwa mto Thika, na Thika inaingia Tana. Stima nayo? Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere: yote hayo mabwawa yako kwa Tana. Kwa hivyo kabla useme Tana River ni mbali, jua we ni mteja.

Wengi wetu Garsen tunaijua kama mahali basi ya Lamu hupitia. Dirishani unaona vumbi, ng'ombe, maji ikiwa ni msimu, basi. Lakini hapo ndipo mto mrefu zaidi Kenya unaanza kujitawanya kabla uingie baharini. Ardhi inakuwa vidimbwi, nyasi, misitu na mikoko. Hiyo ndio Tana Delta. Mwaka 2012 iliingizwa kwa orodha ya Ramsar, ule mkataba wa dunia wa kulinda ardhi oevu. Ni kama hekta 163,600.

Sasa elewa venye maisha ya huko hujipanga. Mvua ikinyesha huku juu Mlima Kenya na Aberdare, mto unafura na kumwaga maji na matope shambani. Wapokomo wanapanda hapo: mpunga, ndizi, maembe. Kiangazi kikishika, nyasi huku nje inaisha, Waorma na Wawardei wanaleta ng'ombe delta, kwa sababu ndipo kumebaki kijani. Mifugo hupita kwa njia zinaitwa malka mpaka mtoni. Mkulima na mfugaji wanatumia maji moja, kila mtu na msimu wake. Ikibonyezwa sehemu moja tu, mambo yote yanaharibika.

Na waliibonyeza kweli. Kwanza mabwawa ya juu yalipunguza yale mafuriko ya kawaida yenye watu wa chini walitegemea. Halafu TARDA, lile shirika la serikali la Tana na Athi, likaleta mradi wa mpunga kwa pesa za Japani, na kuta za kuzuia mto. El Nino ya 1997 ikakuja ikabomoa. Mto haukusoma ripoti.

Ungedhani watu wangeshika adabu. Wapi. Karibu 2007 na 2008 delta ikawa kama ploti ya bei ya kutupa. TARDA na Mumias Sugar wakataka hekta 20,000 za miwa, hiyo ni kama ekari 50,000. Qatar nayo ikaongelea hekta 40,000 za kulima chakula. Kampuni ya Canada, Bedford Biofuels, ikataka kupanda jatropha kwa ranchi za wenyeji, mbegu zigeuzwe mafuta ya gari. G4 ya Uingereza ikaja na hesabu yake pia. Cheki hiyo ya jatropha vizuri: ng'ombe wa Garsen wakose nyasi ndio gari la Ulaya liitwe safi. Na hiyo ilikuwa inauzwa kama suluhisho la tabianchi!

Wenyeji hawakukaa wakilia tu. NEMA ilipopitisha mradi wa miwa 2008, wakazi na watetezi wa mazingira walienda korti ya Malindi na mradi ukasimamishwa. Mwaka uliofuata kesi ikatupwa, lakini kwa sababu za kiufundi, sio eti walikosea kuhusu mto. 2010 kesi nyingine ikaingia, safari hii wanadeltani dhidi ya serikali na mashirika yake. Point yao ilikuwa rahisi sana: mnaigawa hii ardhi kipande kipande, kila kampuni na ramani yake, na hakuna mahali mmekaa chini na sisi tukaangalia delta nzima.

Februari 2013, Jaji Mumbi Ngugi akakubaliana nao kwa hilo. Serikali ikaambiwa itengeneze mpango wa matumizi ya ardhi, na watu wa delta washirikishwe kikamilifu. Mpango ukazinduliwa 2015. Unatambua mashamba, unatambua njia za mifugo, na sehemu zenye jamii yenyewe inahifadhi. Zile kampuni? G4 ilishajitoa 2011, Bedford ikafunga duka, na Mumias unajua yenyewe iliishia wapi.

Lakini hii sio hadithi ya wazee kushinda na watu kula pilau. Katikati ya hiyo kesi, Agosti 2012, Riketa ilivamiwa na zaidi ya watu 50 wakauawa. Mpaka mapema 2013, waliokufa kwa hayo mapigano walikuwa wamepita 100. Kwa TV iliitwa Wapokomo na Waorma, ikaachwa hapo. Siasa za uchaguzi zilikuwemo, sikatai. Lakini ukichukua watu walikuwa wanagawana maji kwa misimu, uwawekee ua hapa, miwa pale, mto umepungua, halafu ushangae malka imefungwa, hiyo si chuki ya kabila peke yake. Kuna mtu alichora ramani.

Kitu inanimaliza ni kwamba mfumo wa kugawana ulikuwepo tayari. Wapokomo wana Gasa, baraza la wazee. Waorma wana lao, Matadeda. Wanasema nani alime wapi, ng'ombe waingie lini. Wakoloni walijua hiyo nguvu: ngoma takatifu ya Wapokomo, Ngadji, ilichukuliwa, na iko British Museum huko London tangu 1908. Haijarudi.

Dunia sasa ndio inashtuka. Ecuador iliandika haki za maumbile kwa katiba 2008. New Zealand ikasema 2017 mto Whanganui ni mtu kisheria, una wawakilishi wa kuusemea. Hapa jirani, Uganda, sheria ya mazingira ya 2019 inasema maumbile yana haki ya kuwepo. Kenya hatujafika hapo, lakini soma kifungu cha 70 cha katiba ya 2010. Unaweza kwenda korti kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe ama mtu yeyote ameumia. Yaani mto ukichafuliwa huhitaji kuleta mgonjwa. Wengi hawajui hiyo, na wenye miradi wanafurahi sana hamjui.

Save Lamu, majirani tu hapo mbele ya Garsen, walipinga leseni ya mtambo wa makaa ya mawe kwa mahakama ya mazingira. Juni 2019 ikafutwa. Sababu moja kubwa ilikuwa wananchi hawakuhusishwa vizuri.

Delta bado haijapona. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo, alafu mafuriko yakakuja yakabeba mashamba na kukata barabara ya Lamu. Na huko juu bado kuna mpango wa High Grand Falls, bwawa litakalopita hata Masinga kwa ukubwa.

Ripoti ya mazingira ya mradi kama huo ikifika NEMA, sheria inataka itangazwe gazetini na redioni, na mtu yeyote anaweza kuandika maoni ndani ya muda uliotajwa. Leseni ikishatoka, una siku 60 za kukata rufaa. Hakuna mahali imeandikwa lazima uwe unaishi Garsen.