Kwa nini mtoto anauliza maswali mengi?

Akifika miaka miwili, mtoto huanza na "hiki nini?" Kufikia mitatu au minne, anauliza "kwa nini?" kutwa nzima. Huo si utundu wala ukaidi. Ubongo wake unakua kwa kasi, na kila jibu humwongezea maneno na kumsaidia kuelewa jambo hili linatokana na lipi. Mjibu kwa kifupi na kwa ukweli. Usipojua, mwambie mtafute jibu pamoja. Ukimkaripia kila mara, anaweza kukunyamazia hata siku anapoumwa au mtu amemgusa sehemu za siri.

Mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, au aliyekuwa akiongea akaacha, mpeleke kliniki. Aangaliwe na masikio pia.