Dawa Inafanya Kazi, Nani Anaimudu?

Ukitafuta jina la Salim Yusuf kwenye kompyuta ya maktaba ya chuo, huwezi kumaliza makala zinazokuja hata ukizisoma muhula mzima. Mimi nilizipanga kwa miaka, za zamani kwanza. Nilikuwa natafuta la kumwambia bibi yangu, ambaye wakati huo alikuwa anameza kidonge cha presha leo, kesho anaruka, ili vidonge vifike mwisho wa mwezi. Nyumbani kila mtu alisema ni usahaulifu wa uzee.

Yusuf alizaliwa Kerala, kusini mwa India, akasomea udaktari Bangalore, na mwaka 1976 akaenda Oxford kwa ufadhili wa Rhodes. Makala zake za miaka ya 1980 zinauliza swali la kidaktari: dawa hii inaokoa maisha au haiokoi? Katika jaribio la ISIS-1, lililochapishwa mwaka 1986, wagonjwa zaidi ya 16,000 waliopata mshtuko wa moyo waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa atenololi. Dawa ilizuia takriban kifo kimoja kwa kila watu 200 waliotibiwa. Faida ndogo hivyo usingeiona kwa kuwachunguza wagonjwa wachache wa hospitali moja.

Mwaka 1992 alihamia Chuo Kikuu cha McMaster, Hamilton, Kanada, na hapo maswali yake yakatoka wodini. INTERHEART, mwaka 2004, ililinganisha watu waliopata mshtuko wa moyo na wasiopata, katika nchi 52. Mambo tisa tu, yakiwemo sigara, presha, kisukari, mafuta ya damu na kitambi, yalieleza takriban asilimia 90 ya hatari, karibu kila mahali. Kwa hiyo ile hoja kwamba maradhi ya moyo ni ya Wazungu haikubaki na pa kusimama.

Zilizonishika zaidi ni makala za mradi wa PURE. Ile ya 2011 iliwatazama watu ambao tayari walishaugua moyo au kupata kiharusi. Katika nchi maskini, wanane kati ya kumi hawakuwa wanatumia hata dawa moja kati ya zinazojulikana kusaidia. Ya 2014 inashangaza zaidi: watu wa nchi tajiri ndio waliokuwa na vihatarishi vingi, lakini waliokufa zaidi ni wa nchi maskini.

Halafu ikaja ya 2016, na hapa daktari wa moyo anageuka mchumi. Yeye na wenzake walikusanya bei za dawa nne kwenye maduka ya dawa ya jamii zilizochunguzwa: aspirini, statini na aina mbili za dawa zinazoshusha presha. Wakachukua kipato cha kaya, wakatoa pesa ya chakula. Ikiwa dawa zote nne zinakula asilimia 20 au zaidi ya kinachobaki, kaya hiyo haizimudu. Yaani ukibaki na shilingi 100,000 baada ya chakula, dawa zikifika 20,000 umeshindwa. Katika nchi tajiri, kaya zilizoshindwa hazikufika moja katika mia. Katika nchi za kipato cha chini zilikuwa takriban sita katika kumi.

Hesabu hiyo ni ya bei ya dawa tu. Nauli ya daladala haimo, wala siku nzima ya kupanga foleni.

Si kila alichoandika kimepokelewa vizuri. Makala ya 2014 kuhusu chumvi, iliyosema kula chumvi kidogo sana nako kunaendana na hatari, ilipingwa vikali, hasa kwa sababu chumvi ilikadiriwa kutokana na mkojo uliochukuliwa mara moja tu asubuhi. Naona wapinzani wana hoja. Bibi sikumwambia habari hiyo, angerudisha chumvi mezani jioni ile ile.

Tangu 2002 Yusuf alikuwa akiandika kwamba dawa chache za bei nafuu zikitumiwa pamoja zingepunguza sana vifo. Jaribio la TIPS-3, la mwaka 2021, lilifanyika katika nchi tisa, Tanzania ikiwemo. Kidonge kimoja chenye dawa nne, atenololi ile ile ya 1986 ikiwa ndani, kikitolewa pamoja na aspirini, kilipunguza matukio ya moyo na kiharusi kwa asilimia 31. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka vidonge mseto vya aina hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Nilimpigia bibi. Baada ya shikamoo na habari za wote nikamuuliza, bila kumlaumu, vidonge vinamgharimu kiasi gani. Alinitajia bei papo hapo, na nauli, na deni la dukani, mpaka senti ya mwisho. Hakuwa amesahau chochote. Tangu mwezi ule mimi na kaka yangu tunatuma pesa ya dawa peke yake, mbali na ya matumizi.

Nilipomweleza kuhusu kidonge kimoja, alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mjukuu wangu. Kinauzwa duka gani?"

Shangazi ameshauliza maduka mawili ya mtaani kwao. Bado hawana.